Mpelekee Fundi Maelezo, Usimpelekee Kompyuta

 

Leo tunaweka pembeni singo na udi, tuzungumze juu ya chombo kimoja ambacho siku hizi kinasafiri na bi harusi kama zamani lilivyosafiri sanduku lake: kompyuta. Msichana anamaliza chuo, anaolewa, anahama nayo. Ndani yake mna kazi zake na hesabu za biashara yake. Mna pia picha: za siku ya hina, za kupambwa, za ule ukumbi wa wanawake ambao mlango wake ulifungwa na simu za wageni zikakusanywa. Mnazijua picha hizo. Si za kila jicho.

Sasa kompyuta hiyo ikiharibika, nani anaichukua? Fundi. Anaichukua na vyote vilivyomo, anakaa nayo siku tatu dukani kwake. Hatusemi mafundi ni watu wabaya, wapo waaminifu wengi. Tunachosema ni kwamba mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote anaweza kuikabidhi sitara yake kwa mtu asiyemjua kwa sababu tu waifai haishiki. Tunayoyaandika hapa tuliyapata katika wiki sita tulizokaa Litapunga, na tunaamini yatamfaa hata asiyewahi kulisikia jina la Linux.

Litapunga kulikoni

Sisi ni ndugu wawili wa Unguja. Mmoja wetu anasomesha kompyuta skuli ya sekondari, mwengine ni mshonaji. Mdogo wetu, kitinda mimba wa mama, aliolewa na kijana wa Katavi waliyesoma naye chuo kimoja. Alipojifungua mtoto wa kwanza tulikwenda kukaa na mzazi mpaka arubaini yake.

Litapunga ni kata ya Halmashauri ya Nsimbo, mkoa wa Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Kutoka kwetu unapanda boti hadi Dar es Salaam, kisha treni ya reli ya kati. Unapita Tabora, na pale Kaliua linachepuka tawi la kwenda Mpanda. Reli inaishia huko. Baada ya hapo ni gari na vumbi. Ni nchi ya mahindi na tumbaku. Upande wa Katumba wapo wengi ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na leo ni majirani kama majirani wengine. Maharage ya kwanza tuliyokula huko tuliletewa na mmoja wao, na hakutaka hata kusubiri tumrudishie bakuli.

Mdogo wetu ana kazi yake ndogo anayoifanyia nyumbani. Anachapa mitihani ya skuli za jirani, barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, na karatasi za madrasa zenye maandishi ya Kiarabu. Mumewe anamlisha na kumvisha. Pesa ya kuchapa ni yake mwenyewe, na mumewe analijua hilo na analiheshimu. Kwa mwanamke aliye mbali na kwao, pesa hiyo si kubwa lakini ina uzito. Ndiyo nauli ya kwenda kumwona mama bila kumwomba mtu.

Tulipofika tuliikuta kompyuta imefunikwa kanga. Ilikuwa haijawashwa miezi miwili.

"Imeharibika?" tuliuliza.

"Haijaharibika, dada. Sitaki tu kuiona."

Ilichukua siku kadhaa kusema. Kompyuta ilikuwa ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, na Windows 10 ndani yake ilikuwa ya kunakiliwa bila leseni. Flashi za wateja zilikuwa zikileta virusi, na kila vikizidi, kompyuta inapelekwa mjini, inafutwa, inawekwa upya, analipa. Mara ya mwisho haikuwa hata virusi. Ilikwenda kwa ajili ya pawa saplai tu, kifaa kinachobadilishwa bila kuwasha kompyuta zaidi ya dakika moja ya kujaribu. Iliporudi, ile orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni ilikuwa na picha tano za ukumbini. Yeye hakuzifungua. Mumewe hakuzifungua.

Hakupiga kelele. Aliizima, akaifunika. Wateja walipokuja aliwaambia mashine mbovu, na mitihani ya muhula ule ikachapwa kwengine.

Kwa nini tulichagua Linux

Tungeweza kuifuta na kuiwekea Windows nyengine, lakini ipi? Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa Intel inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ya mdogo wetu ni kizazi cha 3, na RAM yake ni GB 4. Tena kulikuwa na suala la ile leseni. Yeye mwenyewe alisema anataka riziki ya kompyuta hii isiwe na doa.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Imetolewa kwa ruhusa ya kunakili, kubadilisha na kumpa mwenzio, kwa hiyo hakuna wizi ndani yake. Ubuntu, moja ya aina zake zinazojulikana sana, ilianza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo si jambo geni kwetu kama watu wanavyodhani.

Sisi tulichukua Linux Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Inakubali RAM ya GB 2, ingawa inapendekezwa GB 4. Faili lake ni karibu GB 3, na tulikuwa nalo tayari kwenye flashi tangu Unguja, kwa kuwa aliyekuwa safarini ni mwalimu wa kompyuta na hasafiri bila flashi kama wengine wasivyosafiri bila limau.

Kabla ya yote tuliziokoa picha. Tulizinakili kwenye diski ya nje, tukafungua kadhaa kuhakikisha zinafunguka, tukaifungia diski kabatini. Hatua hii isirukwe na yeyote.

Posa kwanza, ndoa baadaye

Kwetu mtu haozi mwanawe bila kuulizia. Watu wanatumwa mtaani, wanauliza tabia, wanauliza ukoo. Linux nayo ina uzuri huo: unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Unachomeka flashi, unawasha, unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia (F9 kwa kompyuta nyingi za HP, F12 kwa Dell na Lenovo), na Linux inafunguka kwa majaribio. Hapo ndipo unapoulizia. Skrini inaonekana vizuri? Sauti inatoka? Waifai ipo? Printa inajibu? Jibu likiwa baya, unachomoa flashi na kompyuta inabaki kama ilivyokuwa.

Sisi tuliulizia, na majibu yakawa mabaya matatu: skrini ilikuwa nyeusi, waifai haikuwepo, na printa ilinyamaza.

Mtu akiona hivyo husema Linux haifai, au kompyuta imekufa. Kwa kawaida si hivyo. Kifaa na mfumo wa kompyuta huzungumza kupitia mkalimani, programu ndogo inayoitwa driva. Linux inabeba driva nyingi sana ndani ya kiini chake, na ndiyo maana vifaa vingi hufanya kazi papo hapo bila CD yoyote. Kisichofanya kazi huwa kimekosa mkalimani, au mkalimani yupo lakini hakijatambuliwa. Basi kazi ya kwanza ni kujua kifaa kinaitwa nani.

Tulichukua daftari la kurasa 48. Mdogo wetu aliandika upande mmoja tulichokibadilisha, upande wa pili kilichotokea. Sharti lilikuwa moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, kompyuta ikipona hujui ni dawa gani, na ikizidi kuumwa hujui ni sumu gani.

Skrini nyeusi

Kwenye orodha ya mwanzo ya Linux Mint kuna chaguo limeandikwa "compatibility mode". Ukichagua hilo, mfumo unaacha kutumia ufundi wa kadi ya picha na kutumia njia ya kawaida kabisa. Skrini ilifunguka. Herufi zilikuwa kubwa na zenye ukungu, lakini tuliona. Hilo pekee lilitwambia kwamba kompyuta ni nzima, tatizo liko kwenye kadi ya picha.

Tukafungua dirisha la amri, tukaandika lspci. Amri hii inaorodhesha vilivyochomekwa kwenye bodi kuu. Ikatoka kadi ya picha ya zamani sana, iliyoongezwa na mwenye kompyuta wa mwanzo, pengine kwa ajili ya michezo. Kadi za umri ule watengenezaji wenyewe hawaziandikii driva tena.

Tungeweza kuhangaika nayo. Lakini prosesa ya kompyuta hii ina uwezo wa picha ndani yake, na nyuma kuna tundu la skrini la bodi yenyewe. Tulizima, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu, tukaitoa kadi, tukachomeka waya wa skrini kwenye tundu la bodi. Tulipowasha kwa njia ya kawaida, skrini ikaja safi, herufi kali. Mdogo wetu akaandika upande wa pili wa daftari: "Kuondoa nako ni dawa."

Waifai iliyojifanya kitu chengine

Kompyuta za mezani nyingi hazina waifai ndani. Hii ilikuwa na kidude cha kuchomeka kwenye tundu la USB, kile kidogo kama ukucha. Kwenye Windows kilikuwa kikishika. Kwenye Linux hakikuonekana.

Kwa vifaa vya USB amri ni lsusb. Inatoa mistari, na kila mstari una namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili, kila moja ya herufi na tarakimu nne. Ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya kifaa chenyewe. Kwa mfano, 03f0 ni HP, 04a9 ni Canon, 04b8 ni Epson, 0bda ni Realtek, 8086 ni Intel. Jina lililochapwa juu ya kifaa linaweza kudanganya, maana kampuni moja inaweza kuuza kifaa cha jina lile lile kikiwa na chipu tofauti ndani. Namba ndiyo inayosema chipu ni ipi. Ukitafuta msaada, tafuta kwa namba.

Mstari wa kile kidude ulitushangaza. Kilijitambulisha kama CD, wala si waifai. Tukakumbuka kwamba kuna vidude vya waifai na modemu za intaneti ambazo, zikichomekwa, hujionyesha kwanza kama CD yenye driva za Windows. Windows ikishaweka driva, kidude kinaamriwa kivue vazi hilo na kuwa waifai. Linux haihitaji CD hiyo, lakini lazima mtu akiambie kidude kivue. Ipo programu ya kazi hiyo, usb_modeswitch. Wakati mwengine inatosha kwenda kwenye kidirisha cha mafaili, kubofya ile CD kwa upande wa kulia, na kuchagua kuitoa, kama unavyotoa flashi.

Tulifanya hivyo. Tukaandika lsusb tena, na namba ya pili ilikuwa imebadilika. Baada ya sekunde chache majina ya mitandao yakajipanga kwenye kona ya skrini. "Kumbe kilikuwa kimevaa baibui la mwenziwe," alisema mdogo wetu, na hapo ndipo tulipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza kwa sauti tangu tufike.

Na kwa yule ambaye waifai yake imegoma kabisa na anahitaji intaneti ili apate hiyo driva, kuna njia rahisi sana. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kusambaza intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama waya wa mtandao, kwa kawaida bila kuhitaji kitu chochote. Angalia bando lako tu, maana kompyuta haina huruma nalo.

Saa iliyorudi nyuma

Hili ni dogo, lakini linasumbua wengi. Kompyuta ilikuwa imechomolewa kwenye umeme kwa miezi miwili, na tulipoiwasha tarehe ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Kwa tarehe hiyo kurasa nyingi za intaneti zinakataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Sababu ni betri ndogo ya duara kwenye bodi, yenye jina CR2032, ambayo hutunza saa umeme ukiwa haupo. Tuliweka mpya na shida ikaisha.

Wale watakaobakisha Windows na Linux kwenye kompyuta moja wataona ajabu nyengine: saa inapishana kwa saa tatu kamili. Linux inaichukua saa ya bodi kuwa ni saa ya dunia, Windows inaichukua kuwa ni saa ya hapa, na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inazipatanisha. Kwa anayetumia programu ya adhana kwenye kompyuta, tofauti hiyo ni kati ya Adhuhuri na Alasiri, si jambo la kupuuza.

Printa

Waifai na skrini vilipopona tuliiweka Linux moja kwa moja, na wakati wa kuiweka tulichagua diski ifungwe kwa nenosiri. Maana yake hata mtu akiichomoa diski na kuipachika kwenye kompyuta yake, anaona takataka tupu. Angalizo: nenosiri likisahauliwa, picha zimekwenda, hakuna fundi atakayezirudisha. Mdogo wetu aliliandika kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Ikabaki printa, na printa ndiyo kazi. Kulikuwa na oda ya kadi za harusi 150. Binti wa jirani alikuwa akiolewa Jumamosi, na mama yake alikuja mwenyewe aliposikia mashine imewaka. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Linux huchapa kupitia mfumo unaoitwa CUPS, ulioanza kutolewa mwaka 1999. Printa zipo za namna mbili. Zipo zenye akili yake: unazipelekea ukurasa kwa lugha inayojulikana, zenyewe zinapanga wino. Na zipo zilizouzwa kwa bei nafuu kwa sababu akili yake imeachwa kwenye kompyuta. Hizi zinategemea programu ya mtengenezaji ziambiwe kila nukta iangukie wapi, kwa lugha ya siri ya mtengenezaji. Asipoandika programu ya Linux, au akiandika moja na kuiacha izeeke, printa itaonekana kwenye lsusb lakini haitaelewa neno.

Printa ya mdogo wetu, ya leza na iliyokwisha kutumika, ilikuwa ya namna ya pili. Programu ya mtengenezaji ilikuwepo lakini ya miaka mingi, ya mifumo ambayo haipo tena. Jumatatu usiku tulijaribu. Jumanne usiku tulijaribu, mtoto akilia, mmoja anambembeleza na mwengine anasoma. Daftari likajaa kurasa nne. Printa ilivuta karatasi mara moja, ikaitoa nyeupe.

Jumatano baada ya Alfajiri tukakubaliana kuacha. Shemeji yetu, ambaye siku zote hizo alikuwa akituletea chai na kuondoka kimya, ndiye aliyesema neno: "Mashemeji, kadi si lazima zitoke humu ndani. Lazima zitoke kabla ya Jumamosi."

Mdogo wetu alimalizia kadi kwenye LibreOffice, akazitoa kwa PDF ili mwandiko usibadilike popote zitakapofunguliwa, na shemeji akaenda na flashi mjini Mpanda zikachapwa steshenari. Humo ndani mlikuwa na kadi peke yake. Faida ilikuwa nyembamba, lakini Alhamisi jioni mama wa bi harusi alizipokea, akazihesabu moja moja, akafurahi.

Printa ile iliuzwa. Aliyeinunua anatumia Windows, na mdogo wetu alimwambia kabla ya kupokea pesa: "Hii haifanyi kazi na Linux, nimejaribu mwenyewe." Aibu ya bidhaa huwekwa wazi kabla ya bei. Mnunuzi akasema yeye Linux haijui, akalipa. Kwa pesa hiyo na nyongeza kidogo tulitafuta printa ya tangi la wino, na safari hii tulikwenda dukani na flashi yetu. Tulimwomba muuzaji kompyuta yake dakika kumi, tukawasha Linux, tukachomeka printa, ikatoa ukurasa wa majaribio. Muuzaji aliuliza hawa wanawake wametoka wapi.

Maelezo, si kompyuta

Hatutaki msomaji adhani lazima awe fundi. Siku itakuja kitu kitakushinda na utahitaji mtu mwengine. Hapo ndipo lilipo jambo kubwa tulilokuja kulisema leo: unachopaswa kumpelekea ni maelezo.

Linux Mint ina sehemu yenye taarifa za mfumo. Anayependa amri ataandika inxi -Fxz. Inatoka orodha ya kila kilichomo: prosesa, kadi ya picha, waifai, sauti, diski, na driva inayotumika kwa kila kimoja. Ile herufi z mwishoni ina kazi ya sitara: inaficha namba za utambulisho za vifaa na anwani za mtandao. Unanakili orodha hiyo, unaituma kwa mtu unayemwamini. Skrini ikiwa nyeusi na huwezi kunakili, ipige picha kwa simu pamoja na maneno yoyote yaliyoandikwa.

Na uliza kwa ukamilifu. "Waifai haifanyi kazi" haimsaidii mtu. Sema kifaa namba gani, Linux ipi, ulifanya nini, kikatokea nini. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Tangu turudi Unguja mdogo wetu ametutumia orodha kama hiyo mara mbili, na mara zote mbili tumemaliza kwa simu. Kompyuta haikutoka nyumbani kwake.

Kwa bi harusi anayetaka kununua

Ukiwa unapanga vyombo, na kompyuta ya kutumika imo kwenye orodha, tunakuusia haya.

Nenda dukani na flashi yenye Linux na uiwashe pale pale. Jaribu skrini, sauti, waifai, matundu yote ya USB, na kamera kama ipo. Muuzaji anayekataa majaribio amekwishakujibu.

Hakikisha prosesa ni ya biti 64, kwani Linux nyingi hazitoi tena toleo la biti 32. RAM isipungue GB 4.

Waifai za Intel kwa kawaida hazina taabu. Ukikuta ya kampuni nyengine, andika namba yake na uitafute kabla ya kulipa. Aliyepata toleo la zamani la Debian likamkatalia waifai afahamu kuwa tangu Debian 12, ya mwaka 2023, programu ndogo za vifaa ambazo zamani ziliachwa nje zimo ndani ya kisakinishi chake.

Printa ulizia yenye AirPrint au IPP Everywhere. Hizo huchapa bila driva maalumu. HP na Epson pia zina driva za Linux kwa printa zao nyingi, lakini angalia modeli yako hasa, usitosheke na jina la kampuni.

Na siku ya kwanza kabisa, kabla hujaweka hata picha moja, ifunge diski kwa nenosiri.

Mashoga, tumefundishwa kufunga mlango, kushusha pazia na kuchagua wa kumwonyesha. Kompyuta nayo ni chumba cha ndani. Ufunguo wake ubaki kwa mwenye nyumba. Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu na azibariki kazi za mikono yenu. Amin.